Maswali ya Wasomaji: Kompyuta na Mashindano ya Bakgamoni

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: msaada wa kompyuta unaishia wapi kwa mtu anayecheza bakgamoni ya ushindani? Nimechagua saba na kuzifupisha pale ilipobidi, bila kugusa maana yake. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuketi mbele ya ubao, kila mchezaji ana kete 15 anazozisogeza katika nafasi 24 kwa kufuata dadu mbili, na anayetangulia kuzitoa zote ndiye mshindi. Kuna pia mchemraba wa kuzidisha, wenye namba 2, 4, 8, 16, 32 na 64, ambao mchezaji humsogezea mwenzake anapotaka thamani ya mchezo iwe mara mbili. Mwenzake anaweza kuukubali au kuukataa na kupoteza mchezo kwa thamani iliyokuwapo. Mechi huwa na michezo kadhaa, na anayetangulia kufikisha alama zilizokubaliwa ndiye anayeishinda.

SWALI: Mhariri mpendwa, nilikuwa nacheza mechi ya alama 9 katika mashindano ya mtoano. Kila mchezo mmoja ulipokwisha, mpinzani wangu alichukua simu yake, akagusagusa skrini kwa muda, kisha akairudisha mezani kifudifudi. Nilipomuuliza, alisema anaandika matokeo tu. Sikutaka kuonekana mgomvi, nikanyamaza. Nilifungwa 9 kwa 7 na mpaka leo moyo wangu haujatulia. Je, alifanya kosa, au ni wasiwasi wangu mwenyewe? – *Aliyenyamaza*

JIBU: Ndugu yangu, mpinzani wako alikosea hata kama alichokuambia ni kweli tupu. Kanuni za mashindano kwa kawaida husema kwamba mechi ikishaanza, mchezaji haruhusiwi kutumia msaada wowote wa maandishi, wa mashine wala wa kielektroniki, isipokuwa kwa ajili ya kuhesabu alama. Ruhusa hiyo ya kuhesabu alama ndiyo inayoleta utata, kwa sababu ilikusudia karatasi na kalamu, ilhali siku hizi kifaa kilekile kinachoandika matokeo kinaweza kupokea mpangilio wa kete na kutoa jibu kabla mtu hajamaliza kunywa maji. Aliyeketi upande wa pili wa meza hana namna ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili linalofanyika. Kwa hiyo mzigo wa kuondoa shaka ni wa mwenye simu, nawe hukuwa na wajibu wa kuivumilia shaka hiyo.

Wapo watakaosema kwamba aliigusa simu kati ya mchezo na mchezo, wakati kete zilikuwa zinapangwa upya, kwa hiyo hakukuwa na cha kuuliza. Sikubaliani nao hata kidogo. Mechi ni kitu kimoja tangu dadu za kwanza hadi alama ya mwisho, na matokeo yaliyopo hubadilisha thamani ya kila uamuzi wa mchemraba. Mchezaji aliyebakiza alama 2 dhidi ya mpinzani aliyebakiza 4 hazidishi kwa kigezo kilekile alichotumia walipokuwa sare, kwa kuwa alama 2 zikipatikana zinamaliza kazi yake, hali mpinzani akiukubali mchemraba anaweza kuuzungusha tena hadi 4 bila kuogopa kupoteza zaidi ya kile ambacho tayari kingemwangusha. Mtu anayetazama jedwali la uwezekano wa kushinda mechi katika dakika ile ya mapumziko anaanza mchezo unaofuata akiwa na majibu ya maswali ambayo bado hayajaulizwa.

Ungepaswa kusimamisha saa na kumwita msimamizi palepale, kwa sauti ya kawaida, bila neno la kutuhumu. Sentensi yenyewe ni fupi: "Naomba msimamizi atuelekeze kuhusu simu." Ukisubiri mpaka karatasi ya matokeo isainiwe, msimamizi hana tena cha kukagua, na malalamiko yako yatasikika kama uchungu wa aliyeshindwa hata kama ni ya haki.

Nakueleza pia upande wa pili, maana niliwahi kuuona kwa macho yangu. Nilipokuwa nasimamia mashindano madogo, niliitwa kwenye meza moja kwa sababu mchezaji alikuwa ameshika simu chini ya meza, akiitazama kila baada ya dadu. Nilipofika, mkono wake ulikuwa unatetemeka. Kumbe mama yake alikuwa katika chumba cha upasuaji na alikuwa anangoja ujumbe wa ndugu zake. Hakukuwa na programu yoyote kwenye skrini ile, lakini mpinzani wake alikuwa na haki ya kuniita, na mimi nilikuwa na kosa la kutotangaza mapema. Tangu siku hiyo, kabla ya mzunguko wa kwanza, huwaambia wachezaji wote kwamba mwenye jambo la dharura aniachie simu yake. Nitakaa nayo na nitamfuata mezani ikilia.

SWALI: Bakgamoni ni mchezo wa dadu, na hakuna kompyuta inayoweza kuziamuru dadu zianguke vipi. Kwa nini basi tunaziogopa programu kana kwamba tunacheza sataranji? – *Mpenzi wa dadu*

JIBU: Historia yenyewe ilianza kama unavyosema. Mwezi Julai 1979, huko Monte Carlo, programu iitwayo BKG 9.8, iliyoundwa na Hans Berliner wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilimshinda Luigi Villa, bingwa wa dunia wa wakati huo, kwa alama 7 kwa 1. Berliner alipoichambua michezo ile baadaye, alikiri kwamba Villa ndiye aliyecheza vizuri zaidi na kwamba dadu ziliipendelea mashine. Kama mambo yangeishia hapo, ningekupa mkono.

Hayakuishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Gerald Tesauro wa IBM aliunda TD-Gammon, programu yenye mtandao wa neva bandia ambayo haikufundishwa kwa kukaririshwa michezo ya mabingwa, bali ilijifunza kwa kucheza dhidi ya nafsi yake na kurekebisha makadirio yake kila baada ya hatua. Toleo lake la 2.1, baada ya kujichezea michezo takriban milioni moja na nusu, lilikutana na Bill Robertie, mtu aliyewahi kuwa bingwa wa dunia mara mbili, na katika michezo 40 lilipitwa kwa alama 1 tu. Baadaye zikaja JellyFish, Snowie, GNU Backgammon isiyolipiwa, na mwaka 2009 eXtreme Gammon, ambayo imekuwa kipimo cha kawaida cha wachezaji wa mashindano. Leo hakuna mchezaji makini anayebisha kwamba programu hizi, zikiwa kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani, huamua vizuri kuliko binadamu yeyote.

Tazama dadu moja tu ya ufunguzi, 2 na 1. Kwa miaka mingi mabingwa waliicheza kwa kushusha kete moja kutoka nafasi ya 13 hadi ya 11 na kuisogeza nyingine kutoka ya 6 hadi ya 5, wakaiacha pale peke yake kwa matumaini ya kuifunika zamu inayofuata na kuimiliki nafasi ile muhimu. Mpinzani huipiga kete hiyo, yaani hutua juu yake na kuilazimisha ianze safari upya, kwa matokeo 15 kati ya 36 ya dadu mbili. TD-Gammon ilipendelea kuitumia ile 1 nyuma, kutoka nafasi ya 24 hadi ya 23. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni ndogo mno, kiasi kwamba mtu angeweza kucheza maisha yake yote asiione, lakini mashine iliipima, mabingwa wakaichunguza upya, na mazoea ya vizazi yakabadilika.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako. Dadu huja na kuondoka, na katika michezo mingi zinagawana pande zote mbili. Uamuzi haugawanyiki hivyo: ukiwa bora kwa kiasi kidogo katika kila zamu, ubora huo unajumlishwa usiku kucha wala haurudi kwa mpinzani. Mchukulie mtu anayeletewa mchemraba wenye namba 2. Akikataa, anapoteza alama 1 kwa uhakika. Akikubali huku akiwa na uwezekano wa asilimia 25 wa kushinda, basi katika michezo minne inayofanana atashinda mmoja na kupata alama 2, atashindwa mitatu na kupoteza 6. Jumla amepoteza 4, sawasawa na kama angekataa mara zote nne. Kwa hiyo mpaka uko pale, kwenye 25, na mara nyingi hushuka kidogo kwa sababu anayekubali anabaki na haki ya kuurudisha mchemraba. Binadamu anayetazama ubao uliovurugika anakisia kama ana 22 au 28. Mwenye programu hakisii. Sote tunaachia dadu sehemu kubwa ya matokeo yetu, na ninaliamini hili kwa dhati: kwa kuwa dadu zimechukua kiasi hicho, uamuzi ndicho kitu pekee kinachobaki kuwa cha mchezaji mwenyewe, na akikikabidhi kwa mashine, sijui nani tena ameketi kwenye kiti chake.

SWALI: Je, ninaruhusiwa kutumia kanuni za hesabu nilizozikariri? Na kama ninaruhusiwa kuzikariri, kwa nini nisiziandike nyuma ya karatasi ya alama? – *Mkariri*

JIBU: Kariri uwezavyo. Kilichomo kichwani mwako ni chako, hata kama kilitoka kwenye kompyuta mwaka jana. Wachezaji wengi hutembea na kanuni ya asilimia 8, 9 na 12 kwa ajili ya mbio za mwisho, wakati kete za pande mbili zimekwisha kupishana: hesabu hatua zilizokubakia, tuseme 100, mpinzani akiwa na 108 au zaidi, zidisha; ikiwa mchemraba tayari uko upande wako, subiri awe na 109; naye akubali ikiwa hajazidi 112. Kuhesabu hatua zenyewe, kuanzia zile 167 ambazo kila mmoja huanza nazo, ni kazi ya macho na kichwa, na ni ujuzi unaochosha kuliko watazamaji wanavyodhani.

Karatasi ya alama, hata hivyo, ni ya alama. Ukiandika jedwali nyuma yake umeleta msaada wa maandishi mezani, na kanuni haitofautishi maandishi ya mkono wako na ya mtu mwingine. Usione kwamba ni ukali usio na maana. Saa ya nne ya mashindano, mchezaji aliyechoka akikosea hesabu aliyoijua vyema asubuhi, uchovu huo nao ni sehemu ya kile kinachoshindaniwa.

SWALI: Nina matatizo ya kusikia na ninavaa visaidizi vya masikio vinavyounganishwa na simu bila waya. Mahali nilipojiandikisha wametangaza kwamba vifaa vyote vya masikioni ni marufuku. Je, nijitoe? – *Msikivu kwa macho*

JIBU: Usijitoe, tafadhali. Marufuku hiyo inalenga kifaa kinacholeta ushauri, na chako kinaleta sauti ya chumba alimo kila mtu. Mwandikie msimamizi kabla ya siku ya mashindano, mweleze aina ya kifaa na namna kinavyounganishwa, kisha mpendekezee mwenyewe suluhisho: utazima muunganisho, simu utaiacha mezani kwake, na mpinzani ataarifiwa kabla ya saa kuanzishwa ili asishangae katikati ya mchezo. Msimamizi yeyote mwenye busara atakubali. Ndivyo ilivyo pia kwa mchezaji asiyeona vizuri anayehitaji mtu wa kumsomea dadu na kumtajia mahali kete zilipo. Msomaji huyo husema kilichopo ubaoni na hasemi neno la zaidi, hata kwa kushusha pumzi.

SWALI: Mhariri, nacheza katika ligi ya mtandaoni. Wiki iliyopita nilishinda mechi ya alama 7 na uchambuzi wa kompyuta ukanipa PR, yaani kipimo cha uchezaji, ya 2.1. Mpinzani wangu ameandika mbele ya wanachama wote kwamba hakuna mtu wa kiwango changu anayecheza hivyo, kwa hiyo lazima nilikuwa na programu pembeni. Sikuwa nayo. Nimelia, nasema kweli. Nitajiteteaje? – *Niliyetuhumiwa*

JIBU: Pole sana, dada au kaka, kwani hukutaja. Kutuhumiwa kwa jambo ambalo hukulifanya, na ushahidi wenyewe ukiwa ni kwamba ulicheza vizuri, ni dhuluma ya aina yake. Ngoja tuifungue namba hiyo tuone ina uzito gani.

PR hupatikana hivi: programu inapitia kila uamuzi wako uliokuwa na njia mbadala, inapima thamani uliyoipoteza ukilinganisha na uamuzi inaouona bora, inatafuta wastani wa kila uamuzi, kisha inazidisha kwa 500. Kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo ulivyocheza vizuri, na wachezaji bora duniani wakipimwa kwa mechi nyingi huelea karibu na 3. Sasa tuseme mechi yako ilikuwa na maamuzi 60 na ulipoteza jumla ya 0.30. Wastani ni 0.005, na PR yako ni 2.5. Mechi hiyohiyo, ungefanya kosa moja tu la ziada la 0.12, jumla ingekuwa 0.42, wastani 0.007, na PR 3.5. Kosa moja, alama nzima. Namba inayoyumba kiasi hicho kwa tukio moja haiwezi kumhukumu mtu kwa mechi moja, hasa mechi fupi. Isitoshe, kuna michezo inayojicheza: dadu kubwa mapema, kete za pande mbili zinapishana, kisha ni mbio hadi mwisho na karibu kila hatua iko wazi. Mchezaji wa kawaida katika mchezo wa namna hiyo hupata PR ya bingwa bila kufanya lolote la ajabu, na juma linalofuata anarudi kwenye 9 yake.

Haina maana kwamba udanganyifu mtandaoni ni hadithi. Mwaka 2020, kumbi zilipofungwa, mashindano mengi yalihamia mtandaoni, na waandaaji walilazimika kujifunza upesi namna ya kuchunguza. Mchunguzi makini hukusanya mechi nyingi, hazimtoshi moja wala mbili. Anaacha hatua zilizo wazi na kutazama zile ngumu, ambako njia tatu au nne zinakaribiana na ile iliyo bora inaonekana ya ajabu kwa jicho la binadamu. Mtu anayeichagua hiyo tena na tena, katika michezo ya aina zote, anahitaji kutoa maelezo. Kisha anatazama muda. Binadamu akipata dadu yenye njia moja tu husogeza kete papo hapo, na akipata mpangilio mgumu huganda. Anayesoma jibu kutoka mahali pengine mara nyingi hutumia sekunde zilezile kwa yote mawili, kwa kuwa kuingiza mpangilio na kungoja jibu huchukua muda uleule. Katika mashindano mengi saa humpa kila mchezaji sekunde 12 za bure kwa kila zamu pamoja na akiba ya dakika 2 kwa kila alama ya mechi, yaani dakika 14 katika mechi ya alama 7. Sekunde 12 hazitoshi kuwaza kwa kina, lakini kwa aliyefungua programu pembeni zinaweza kutosha. Mwisho, analinganisha uchezaji wa mtandaoni na wa ana kwa ana. Pengo dogo ni la kawaida, kwani nyumbani kuna utulivu. Pengo kubwa linalodumu mwaka mzima ni jambo lingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Usijibizane naye hadharani. Wapelekee waandaaji kumbukumbu za mechi zako zote, nzuri na mbaya, bila kuchagua, na uwaombe wazichunguze. Jitolee kucheza mechi zijazo huku kamera ikionyesha mikono yako na meza yako. Na uwaombe pia, kwa maandishi, wamwelekeze mwenzako kwamba shaka hupelekwa faraghani kwa wenye mamlaka. Hilo la mwisho nalisisitiza kwa kila msomaji, kwa kuwa ninaona mazoea mabaya yakiota mizizi: mtu anafungwa, anatazama PR ya mshindi, na kabla hajalala ameshamchafulia jina. Aliyekosea mezani anaweza kuadhibiwa na kurudi. Aliyetuhumiwa bure mbele ya watu mia huendelea kutazamwa kwa jicho la pembeni hata akisafishwa.

SWALI: Ninasaidia kurusha mechi moja kwa moja na ninaweka uchambuzi wa kompyuta kando ya picha ili watazamaji wafuatilie. Kuna ubaya? – *Mrushaji*

JIBU: Kwa watazamaji ni zawadi, nami ni mmoja wao. Hatari ni kwamba skrini yako huonekana pia na watu waliomo ukumbini. Mtazamaji aliyesimama nyuma ya mchezaji akiwa na simu mkononi anaona jibu kabla ya mchezaji mwenyewe kuamua, na kikohozi kimoja kinatosha. Chelewesha matangazo kwa dakika kadhaa, usiweke televisheni inayoonyesha uchambuzi mahali wachezaji wanapoweza kuiona au kuisikia, hata wakienda maliwatoni, na muombe msimamizi awazuie watazamaji wa meza hiyo kufungua simu. Ukishindwa kuchelewesha, ficha uchambuzi mpaka kete zisogezwe.

SWALI: Baada ya marufuku haya yote, kompyuta inabaki na kazi gani kwa mchezaji anayetaka kupanda? Ninayo programu nyumbani lakini naona namba nyingi tu na siendelei. – *Nataka kupanda*

JIBU: Inabaki na kazi kubwa kuliko zote, nayo ni kukufundisha usiku baada ya mechi. Wachezaji wa leo wanajua mengi ambayo mabingwa wa miaka ya 1970 hawakuyajua, na sababu ni hizi programu. Nadhani kinachokukwamisha ni kuiuliza mapema mno. Unafungua mechi, unaona alama nyekundu, unasema "kumbe", unapita. Kesho yake unalirudia kosa lilelile.

Jaribu hivi. Chagua mipangilio mitatu tu iliyokusumbua mezani, hata kama mashine haikuihesabu kuwa makosa. Ichore kila mmoja kwenye daftari, uandike matokeo ya mechi na mahali mchemraba ulipo, kisha uandike ungecheza nini na kwa nini, kwa sentensi mbili kamili. Baada ya hapo ndipo ufungue programu. Ikitofautiana nawe kwa kiasi kidogo sana, usiihangaikie. Ikitofautiana kwa kiasi kikubwa, iamuru iucheze mpangilio huo hadi mwisho mara 1,296. Namba hiyo hutokana na 36 mara 36, ili kila dadu ya kwanza ikutane na kila dadu ya pili sawasawa na bahati isiegemee upande. Halafu badilisha kitu kimoja ubaoni, hamisha kete moja tu, uulize tena. Mara nyingi ni hapo utakapoona sababu ambayo namba peke yake haikukuonyesha.

Ujue vilevile pale ambapo mashine inajua na pale inapokadiria. Kete zako zote zikiwa zimeingia nyumbani, katika zile nafasi sita za mwisho, kuna mipangilio 54,264 tu inayowezekana kwa upande mmoja, na yote imekwisha kuhesabiwa na kuhifadhiwa, kwa hiyo hapo programu inasoma ukweli kutoka ghalani. Katikati ya mchezo, kete zikiwa zimetawanyika na mbili ziko nje baada ya kupigwa, inakadiria. Inakadiria vizuri kuliko sisi, lakini programu mbili nzuri zinaweza kutofautiana, na sababu uliyoiandika daftarini bado ina thamani ya kusomwa tena. Funga daftari kwa wiki tatu. Kisha lifungue kwenye ukurasa uleule, funika jibu kwa kiganja, na ucheze mpangilio ule upya kana kwamba saa inakwenda.